Honi ya Maziwa Katikati ya Mashindano

Wacha niwaambie mimi mwenyewe kabla hamjaipata kwa Kevo, maana Kevo akiisimulia hutia chumvi, na hii haihitaji chumvi, ina aibu ya kutosha. Ndiyo, ni mimi yule mwanamume aliyesimamisha mbio za baiskeli nyuma ya Milimani kwa sababu ya maziwa. Ndiyo, hata video mmeiona. Na ndiyo, ile taiti niliyovaa ni ya mke wangu (aliniazima kwa hiari yake, na tusirudi huko tena).

Kwa wasionijua, mimi huuza maziwa. Nayachukua kwa wafugaji Bahati, asubuhi na jioni, nateremka nayo mjini kwa baiskeli, mitungi miwili nyuma, na kila nikifika kwenye kona ya wateja wangu nabonyeza honi, ile ya mpira, poo-poo, nao wanatoka na sufuria. Hakuna kuitana, hakuna kubisha mlango. Honi ikilia, sufuria zinatoka. Nimefanya hivyo miaka mingi, hata kuna watoto huko walioijua honi yangu kabla hawajajua kusema "mama" (hapo pengine na mimi nimetia chumvi).

Sasa, kuna klabu ya vijana wa baiskeli, wale wanaotoka ofisini jioni wanavaa nguo za kung'aa na kushindana kwenye msitu wa Menengai. Kevo ndiye kapteni wao. Siku moja tulikutana mlimani, mimi na mitungi imejaa, yeye na chupa yake ndogo ya maji, na nikampita. Nilimpita! Alinikuta juu nimesimama napumzika, akaniambia, "Mzee, miguu uko nayo, lakini mbio si kubeba maziwa. Hii mchezo iko na wenyewe." Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi. Nikamuuliza mbio zinazofuata ni lini. Akacheka, akasema ni Alhamisi jioni, na watatu wa kwanza wataingia timu ya kwenda kushindana Naivasha. Nikamwambia, "Basi andika jina langu."

Na niliitaka hiyo nafasi, siwafichi. Si kwa ajili ya Naivasha, Naivasha nimefika mara nyingi. Nilitaka mara moja tu maishani nipande baiskeli bila mzigo wa mtu, watu waone ninavyokwenda.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: wateja sikuwaambia. Niliona nikiwaambia watacheka, na nikishindwa watacheka kila jioni mpaka nizeeke. Kwa hiyo Alhamisi maziwa yote ya jioni nikamwachia mwenye kibanda cha chai Bahati jua likiwa bado kali, kazi ikaishia hapo, nikashusha mitungi, nikafungua keria, nikatoa madigadi. Honi ilikataa kutoka. Skrubu yake ilikuwa imeshika kutu, nikasema wacha ikae, itanisaidia kufukuza kuku.

Pale kwenye mstari wa kuanzia vijana waliiona wakaanza. "Boss, nipimie nusu lita!" Filimbi ikalia na jamani, niliwapita mmoja mmoja, wengine hata sikujua nimewapita saa ngapi, kwa sababu baiskeli bila mitungi ilikuwa nyepesi mpaka nikaanza kuiogopa. Kwenye ule mlima wa msituni, pale wengi waliposhuka wakasukuma, mimi sikutoa makalio kwenye kiti. Tulipogeuka juu na kuanza kuteremka nilikuwa wa tatu. Wa tatu, mimi! Nyuma yangu, karibu kabisa, nilimsikia Kevo akihema, na nitasema ukweli, sijawahi kusikia sauti tamu namna hiyo.

Lakini hakuna aliyeniambia njia ya kurudi inapita wapi (na mimi sikuuliza, nilikuwa na kiburi). Ilitoka msituni, ikashika barabara ya vumbi, ikakata kushoto, ikaingia kwenye kichochoro changu. Kile kile cha wateja wangu. Nikaiona kona. Nawaapia sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe.

Poo-poo.

Mama Akinyi ndiye aliyetoka wa kwanza. Ni mama mkubwa wa mwili na sauti, amezaliwa kwenye nyumba za reli, na sufuria yake ni ya familia nzima. Akajipanga katikati ya njia. Upande wa pili geti likafunguka, akatoka Bibi Kaur na ndoo yake ndogo ya stili, na nyuma yao mlango baada ya mlango, sufuria, jagi, hata mtu mwingine na thamosi. Nilikamata breki zote mbili. Kevo akanigonga, waliomfuata wakamgonga yeye, tukalala pale rundo moja la magurudumu na miguu, na sufuria ya Mama Akinyi ikaenda ikilia mpaka mtaroni.

"Leo ulikuwa unakamua ng'ombe ya nani?" Mama Akinyi akaniuliza, mimi nikiwa bado chini.

"Mathe, leo hakuna maziwa. Niko kwa mashindano."

"Mashindano gani, na mimi nishaweka majani kwa maji?"

Bibi Kaur aliinama akaniangalia kwa makini, kuanzia miguuni kupanda juu. "Na suruali yako iko wapi?" akauliza, kwa huruma kabisa. Hapo ndipo kwenye video mnaposikia watu wote wakicheka.

Kevo akajaribu heshima. "Wamama, tafadhali, mtupishe."

"Wewe nyamaza, hatukujui," Mama Akinyi akamwambia, kisha akanigeukia mimi. "Kwani wewe ulikuwa namba ngapi?"

"Wa tatu."

Kicheko kikakatika. Akaniangalia nikatamani anitukane badala yake. "Wa tatu? Na hukutuambia?"

Nilikuwa nimewaficha watu pekee katika mji huu mzima ambao wangesimama kando ya njia kwa ajili yangu, eti nisichekwe.

Hakungoja jibu. "Muinueni!" Wakaniinua, wakaniweka juu ya kiti, Mama Akinyi akanisukuma mgongoni kwa mikono miwili, na wale wengine wakafunga njia kwa sufuria mbele ya klabu nzima, Kevo akilalamika na Bibi Kaur akimwambia atulie, ataumia tena. Nilivuka mstari wa mwisho nikiwa wa tatu, taiti imepasuka gotini, na kundi la akina mama likinifuata kwa kugonga vifuniko na kupiga vigelegele.

Mwamuzi alinifuta palepale. Kusukumwa hakuruhusiwi, nafasi ni ya Kevo, na tena, akasema, hiyo honi itoke. Kuhusu kusukumwa sikubishana. Kuhusu honi nilibishana mpaka giza likaingia. Nikamwambia anionyeshe sheria ya klabu inayokataza honi, akaitafuta, akakosa.

Mnataka niseme sitarudia? Kitu kimoja sitarudia, kuwaficha watu wangu. Mbio nitarudia. Jina langu limeshaandikwa kwa mbio zinazofuata, na skrubu nimeitia mafuta, si ya kuitoa honi, ni ili niikaze zaidi. Jana jioni nilipita mlango kwa mlango nikiwatangazia: siku hiyo maziwa hakuna, mtakunywa chai ya strungi, na atakayesimama katikati ya njia nitamkanyaga, hata awe nani.

Mama Akinyi alinisikiliza mpaka mwisho, sufuria kiunoni.

"Sawa, tutakaa kando," akasema. "Lakini honi utapiga?"

Nitapiga.