Boti Aliyoichagua Kipimo

Kipimo alikuwa na mdomo mchafu, tuliseme hilo mapema mtu asije akamlilia bure. Miaka thelathini na moja alitengeneza injini za boti kwenye karakana ile ya kando ya ziwa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyefanya naye kazi asitukanwe mbele za watu. Aliyefunga bolti kombo aliulizwa kama mama yake alimzaa kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Walimvumilia kwa sababu jamaa alikuwa hakosei. Alikuwa akilaza sikio juu ya injini inayounguruma, anafumba macho, kisha anasema, "Silinda ya tatu." Ukiifungua, ni hiyo hiyo ya tatu. Ndiyo maana wakamwita Kipimo. Akishasema yeye, hakuna wa kupima tena.

Sasa, kwa miaka mitatu Kipimo alikuwa hasikii. Zile injini alizozilalia zilimla masikio kidogo kidogo. Zilianza na sauti nyembamba, ndege, simu, vijiko vikigonga sahani, zikamalizia na maneno ya watu. Ngurumo aliipata bado, na mlango ukibamizwa; mengine aliyasoma midomoni. Hakumwambia mtu. Mkewe akimwita kutoka jikoni asiitike, mama wa watu alidhani mumewe ameanza dharau uzeeni, akawa anampakulia chakula na kukisukuma mezani kama anamlisha mfungwa. Kipimo aliona heri hiyo. Kuchukiwa alikuzoea, kuonewa huruma hapana. Karakanani mtu akimjia na swali alimtukana kabla hajalimaliza, naye akaenda zake. Injini alizipima kwa kiganja. Alikiweka juu ya chuma akausoma mtetemo, na tumpe haki yake, hata kwa kiganja alikuwa hodari kuliko wengi wenye masikio mawili.

Aliogopa kitu kimoja tu: Madam, mwenye kituo cha boti na karakana yake, ajue. Madam hakuwa mtu wa kubeba mtu. "Hapa kitu kinafanya kazi au kinatupwa," alikuwa akisema, na alimaanisha watu pia. Na Kipimo bila karakana ni nani? Mzee mkorofi wa kukaa nyumbani, basi.

Msimu ule Madam alitaka boti ya pili, ya mtumba, kwa ajili ya mchezo wa ubao. Mchezo wenyewe ni huu: mtu anafunga miguu kwenye ubao, anashika kamba, boti inamvuta, naye anaruka juu ya wimbi ambalo boti inaliacha nyuma. Wimbi likiwa dogo, mrukaji anarukaruka tu kama kuku. Likiwa kubwa anapaa, anapinduka hewani, na watu wa ufukweni wanapiga mayowe. Bingwa wa kituo alikuwa binti wa Kipimo mwenyewe, kitinda mimba wake, miaka ishirini na miwili. Mashindano yalikuwa mwezi wa nane, na kupinduka mara mbili alikuwa bado hajaweza.

Boti mbili zikaletwa uani juu ya trela. Ya zamani ilikuwa na miaka kumi na tisa, rangi imefifia, viti vimeshonwa upya kwa uzi usiofanana. Injini yake ilikaa katikati chini ya kifuniko cha chuma, unaweza kuilalia. Ya karibuni ilikuwa na miaka sita. Injini ilifichwa nyuma chini ya viti, imezungushiwa sponji nene abiria wasipate kelele, na kulikuwa na matangi ya kujaza maji ili boti izame kidogo na kuchimba wimbi kubwa.

"Baba, hii ya karibuni," binti akasema. "Nimeijaribu jana na mwenye boti. Wimbi lake ni ukuta, nakwambia!"

"Tutaona," Kipimo akajibu.

Akaanza na ya zamani. Wakaunga mpira wa maji wa kuipoza injini, akawasha, akaweka kiganja juu ya kifuniko, na mtetemo ukampanda hadi kwenye kiwiko. Aligundua hata vali moja iliyolegea, kazi ya nusu saa. Moyo ukamtulia. Na hii waliongea lugha moja.

Kisha ya karibuni. Akawasha, akainua kiti, akapenyeza mkono kwenye sponji mpaka kwapani. Wapi! Ilikuwa kama kumpapasa mtu aliyevaa makoti matano. Ilibidi achungulie bomba la moshi ajue kama injini inawaka au imezima. Akaiona miaka yake iliyobaki: kila asubuhi mtu anamwuliza, "Mzee, hiyo sauti ni ya nini?" naye anakodoa macho.

Akachukua bisibisi, akagonga sakafu kwa mpini wake, ko, ko, ko, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Imeoza."

"Wapi?" Madam akauliza.

"Chini. Mbao za ndani zimekunywa maji. Ukiinunua hii, umenunua jeneza."

Uongo mtupu. Boti ile ilikuwa nzima, haina hata ufa. Kipimo aliwaza tumbo lake na jina lake tu, na mtoto wake mwenyewe akamtosa.

Binti akaja juu. "Hebu gonga tena, baba. Mbona mimi naisikia inalia vizuri tu?"

Hapo ndipo damu ilipomchemka mzee. Mtu amtajie kusikia, mbele ya Madam! "Wewe kazi yako kuanguka majini," akamwambia, na wote walikuwapo. "Miaka minne unadondoka kama gunia la viazi, leo ndiyo unifundishe boti? Ukishindwa usisingizie wimbi. Huna kipaji. Una baba tu."

Mpaka rangi wa karakana, ambaye hucheka kila anayetukanwa ili zamu yake ichelewe, akacheka. Binti akamtazama baba yake, akaokota ubao wake akaondoka. Madam akanunua ya zamani.

Ya karibuni ilichukuliwa na kituo cha ng'ambo. Kila siku binti aliiona ikipita na lile wimbi lake, imevuta vijana wasiojua hata kushika kamba, na haikuoza.

Wiki ya tano mambo yakaanza kwenda mrama. Giaboksi ya boti ya zamani ikaanza kulia, sauti nyembamba, kali, ya kukutia ganzi kwenye meno. Abiria waliziba masikio. Mpaka rangi aliisikia, wafunga kamba wa gatini waliisikia, Madam aliisikia akiwa ofisini na dirisha limefungwa. Na hakuna aliyesema neno! Ndivyo Kipimo alivyowalea: ubovu anautaja yeye, na ukimtangulia utakula matusi mwaka mzima. Naye alikuwa pale pale kila asubuhi, kiganja juu ya kifuniko, akitikisa kichwa kwa kuridhika, maana sauti nyembamba vile haifiki kwenye kiganja. Basi wakaambiana si kitu. Kama Kipimo hajasema, hakuna kitu.

Jumamosi Kipimo alishika usukani mwenyewe, Madam, wageni wake na mpaka rangi wakiwa ndani. Nyuma, binti akavuta kamba, akalipanda wimbi, akaruka. Alipofika juu kabisa giaboksi ikakwama. Boti ikasimama ghafla, wageni wakarundikana mbele, kamba ikalegea. Binti akashuka upande upande, ubao ukaenda njia yake na mguu njia yake, goti likapinda kule ambako goti halipindi.

Walipompandisha alikuwa anauma meno. "Ile kelele yote, baba," akasema. "Wiki nzima inalia. Kwa nini hukusema?"

"Kelele gani?" Kipimo akauliza.

Wote wakamgeukia. Akawatazama uso hadi uso, wageni, Madam, mpaka rangi, akitafuta midomo ya kusoma.

Hospitalini waliambiwa kano mbili zimekatika. Mashindano asahau, na kuruka tena labda, wala si mwakani. Binti hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kupata magongo mapema, kuna mahali anataka kwenda.

Siku ya tisa Kipimo alikuwa ameinamia ile giaboksi, mgongo mlangoni. Wakaingia Madam, mpaka rangi, wafunga kamba, na binti kwa magongo yake. Wakasimama hatua tatu nyuma yake.

"Kipimo," Madam akasema kwa sauti ya kawaida. Spana ikaendelea kuzunguka. "Kipimo, leo ndiyo mwisho. Kusanya vyako."

Spana ikazunguka.

"Mzee, suruali imechanika!" mpaka rangi akasema. Wakaguna kwa kicheko. "Mzee, mama watoto kaolewa!" akadakia mfunga kamba. "Mzee, mama yako alikuzaa kwa bahati mbaya!" Wakapokezana hivyo, kila mmoja na dukuduku lake la miaka mingi, mpaka wengine wakawa wanafuta machozi. Madam akasema mara ya pili, na ya tatu, kwamba amefukuzwa kazi.

Kipimo akaona vivuli vikitikisika sakafuni, akageuka. Akakuta watu wanacheka. Akadhani kuna utani umempita, naye akacheka. Akacheka kwa nguvu, akajipiga paja, "Ninyi watu bwana!" Wenzake wakanyamaza mmoja mmoja, na yeye akawa hajui aache lini.

Binti akasogea kwa magongo hadi usoni pake. Hakutoa sauti hata kidogo. Alichezesha midomo tu, taratibu, neno kwa neno, baba asipotewe na hata moja: umefukuzwa kazi, na mimi ndiye niliyewaambia wakujaribu.

"Usinipigie kelele," Kipimo akasema. "Nimesikia."