Vipande Sita

Msimamizi wetu wa kwanza alikuwa mtu wa kupendwa, na mie nilimpenda, sifichi. Nilikuwa karani wake katika kambi ya manamba huku Temeke, enzi za Mwingereza, wakati Temeke ilikuwa na mikorosho na minazi mingi kuliko nyumba. Manamba ni wale watu waliotoka kusini kwenda kukata mkonge bara. Kwetu walikaa siku mbili tatu, wakapimwa na daktari, wakaandikishwa, kisha wakapandishwa garimoshi.

Msimamizi alikuwa mwenyeji wa pwani kama mie, kanzu yake nyeupe pee, na kila aliyeingia kambini alimwita mjomba. Karibu mjomba, pole na safari mjomba, hebu mpeni mjomba uji. Mtu katoka kwao hajui aendako, miguu imemvimba kwa safari, anasikia mwenye kanzu anamwita mjomba: keshalainika huyo. Nami nikamwiga, nikawa nawaita wote wajomba.

Hakuwa mtu mbaya, naapa. Ila hakuweza kuvumilia kumwona mtu kanuna mbele yake. Ukimwuliza jambo gumu alikupa jibu laini, nawe ukaondoka unachekelea, na jambo lako gumu bado unalo.

Sasa, kwenye mkataba paliandikwa vipande sita. Kipande ni kadi yenye nafasi thelathini. Ukimaliza kazi yako ya siku, mnyapara anatia alama moja. Ukiumwa, hakuna alama. Jumapili, hakuna. Mkonge uliopangiwa ukikushinda hadi jua likachwa, hakuna vilevile, umechoka bure. Kipande kimoja kinaweza kukuchukua mwezi na nusu kukijaza. Lakini msimamizi akiwaambia watu alisema miezi sita. Siku moja nikamwuliza kwa nini. Akacheka, akasema neno kipande linawatia watu baridi, bali mwezi kila mtu anaujua, si upo juu pale? Nami nikaona ana busara. Ujinga wangu huo.

Ndipo akaja bwana mmoja, mtu mzima, mfupi, mwenye chale usoni. Hakuuliza mshahara wala chakula. Alichotaka kujua ni kimoja tu: atarudi kabla ya jando? Dada yake ana mtoto wa kiume mmoja, na mwaka ule ndio zamu yake kuingia. Kwao mtoto ni wa mjomba. Mjomba ndiye anayemkabidhi kwa ngariba na mjomba ndiye anayempokea akitoka, na dada yake hakuwa na ndugu mwingine. Akahesabu kwa vidole mbele yetu: miezi sita itamrudisha wakati wa mavuno, na jando ni mwezi mmoja baadaye. Msimamizi akamwambia miezi sita ni kufumba na kufumbua, ngoma ya mpwa wake ataicheza mwenyewe.

Yule bwana hakuridhika. Akanigeukia mie mwenye karatasi.

"Bwana karani, ndivyo ilivyoandikwa?"

Msimamizi alikuwa ananitazama huku anatabasamu. Nje foleni ilikuwa ndefu, na uji ulikuwa unapoa.

"Ndivyo, mjomba," nikasema.

Akatia dole gumba.

Haikupita miezi mingi msimamizi akashikwa na miguu, akarudi kwao Kunduchi kujiuguza. Tukaletewa mwingine, mtu wa bara, mkavu, uso umekunjwa tangu asubuhi. Huyu hakumwita mtu mjomba. Alikuwa na kopo la mahindi. Kila kundi likifika aliwakalisha mkekani, akampa mmoja wao punje thelathini na kumwambia azipange moja moja, kila punje siku moja ya kazi. Katikati anamkatiza: leo umeumwa, usipange. Leo Jumapili, usipange. Leo mkonge umekushinda. Mtu anabaki na punje mkononi, anakodoa macho. Akishaona wote wameelewa, ndipo huuliza nani bado anataka kwenda.

Watu walinuna, na wengine walifunga virago papo hapo. Mzungu wa kampuni akaja juu, mbona mabehewa yanakwenda nusu. Msimamizi akamjibu, sie tunasikia, kwamba hao nusu hawatatoroka. Basi mie nilimchukia! Nilimwona mkorofi asiyejua kukaa na watu, nikawa namsema huko vibarazani, namlilia yule wa kwanza.

Mwezi wa tisa tangu aondoke, yule bwana mfupi akarudi kambini akiwa njiani kwenda kwao. Uwanjani akakutana na kijana wa kijijini kwake, amekuja kuandikishwa, na huyo ndiye aliyempa habari. Jando lilikwisha. Aliyemkabidhi mpwa wake kwa ngariba ni jirani, na jirani huyo ndiye aliyempokea.

Akaja mezani kwetu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akaweka kamba mbele ya msimamizi, kamba yenye mafundo, moja kwa kila mwezi ulioandama. Akaeleza kwamba fundo la sita lilipotimia alifunga mzigo wake kurudi nyumbani, mnyapara akamwonyesha kuwa hata kipande cha nne hakijajaa, na akiondoka ni mtoro, na mtoro ni wa jela. Akabaki.

"Hapa niliambiwa miezi sita," akasema.

Msimamizi akahesabu mafundo yote tisa kwa kidole. Kisha akaniuliza kama nilijua. Nikaanza kueleza kwamba aliyesema ni yule bwana wa kwanza, na mie ni karani tu, ya wakubwa siyawezi.

"Nimekuuliza wewe."

Nikasema nilijua.

Nilingoja matusi. Hayakuja. Yule mtu mkavu akasimama, akavua kofia, akamwambia yule bwana, "Kambi hii ilikudanganya, na kambi hii ni yangu. Nisamehe." Wallahi, siku ile ya dole gumba yeye hata Temeke alikuwa haijui. Nikaona haya ambayo mpaka leo, mzee nilivyo, haijanitoka. Kisha akalisukuma kopo la mahindi upande wangu, akasema kuanzia leo punje nitazihesabu mie, kwa mdomo wangu, mbele ya watu.

Nikainuka. Nikamgeukia yule bwana, na ulimi ukaenda kulekule ulikozoea.

"Nisamehe, mjomba."

Alikuwa anaikunja kamba yake. Akanitazama, wala si kwa hasira.

"Mjomba ni yule aliyekuwepo jandoni, karani," akasema, akatoka kwenda kungoja lori la kusini.