Meneja Ndani ya Rundo la Kokoto

Siku ya kupima, mume wa Mama Vipimo hali chakula cha mchana. Anakipika mwenyewe, maana ndiye anayeshinda nyumbani akishona viatu vya watu barazani, mkongojo wake umeegemea ukuta. Lakini chakula kikiiva anafunika sufuria, anapakata simu, na hafunui mpaka asikie kwamba mdogo wake ameshuka salama kutoka juu ya rundo.

Zamani aliyepanda alikuwa yeye. Kwenye kiwanda cha zege, marundo ya kokoto yalipimwa na mtu na mkewe: mke chini, jicho kwenye darubini yake ya miguu mitatu; mume juu, ameshika mti mrefu wenye kioo, akisimama hapa, akihamia pale, mpaka umbo la rundo lijulikane na ofisi ijue kuna mzigo kiasi gani. Wenzao waliwatania kwamba ile ndiyo ndoa pekee ambayo mume huenda anakoelekezwa bila kubisha. Mpaka siku rundo lilipoporomoka chini ya miguu yake. Mama Vipimo alimwona ndani ya darubini akizama kiunoni, akizama kifuani, kisha akaona kokoto tupu. Walimfukua akiwa hai, lakini mguu wa kushoto haukufaa tena kwa kazi.

Siku hizi anayepanda ni mdogo wa mumewe, baba wa mtoto mmoja na mtu wa mzaha usiokwisha. Mama Vipimo hajazoea. Kila akimwona shemeji yake kule juu, anaziona tena zile kokoto tupu. Ndiyo maana aliomba kiwanda kinunue droni ya kupima marundo kwa picha za angani, akaomba tena, mpaka meneja akawa akimwona kwa mbali anageuza njia. Mwishowe ilinunuliwa, naye akapelekwa kujifunza kuirusha. Lakini meneja yule si mtu wa kukubali jambo kirahisi.

"Rundo hili jipya, kila lori lilipita kwenye mizani," alimwambia. "Uzito wake naujua. Rusha hicho kidude chako. Kikipatia, hakuna atakayepanda tena. Kikikosea, tunarudi kwenye mti wetu, na shemeji yako anapanda leo hii hii."

"Sawa, bosi."

Basi asubuhi hiyo droni ikapaa, na nani abaki ndani? Mpishi wa kantini akatoka na mwiko wake. Makarani wakatoka, wakajipanga ukingoni mwa rundo. Dereva wa katapila aliegesha mtambo ubavuni mwa rundo, akapanda kwenye paa lake na miwani ya jua usoni kama bwana harusi. Droni ikaenda ikirudi juu yao, ikipiga picha. Mama Vipimo alikuwa roho juu, macho kwenye betri na upepo, na watu wale wala hakuwaangalia. Hapo alikosea, tena kosa la waziwazi.

Ofisini kompyuta iliunganisha picha zote, ikajenga umbo la rundo, ikapiga hesabu ya uzito. Jibu likaupita ule wa mizani kwa mbali.

"Naona umenizalishia kokoto," meneja alisema, akakunja uso.

Nje, shemeji alishaanza kufunga kamba za buti. "Usijali, shemeji," alimwambia kupitia dirisha. "Nitapanda kwa adabu, kama naenda ukweni."

Mama Vipimo hakucheka. Aliogopa. Akajikaza, akalizungusha rundo kwenye skrini, akalitazama ubavuni. Lilikuwa na nundu. Akaikuza nundu, na nundu ikawa na magurudumu.

"Bosi, hebu njoo uone. Hili si jiwe, ni katapila."

"Katapila?"

"Kompyuta haichagui. Kila kilichosimama pale kimehesabiwa kuwa kokoto. Huyu hapa mpishi. Huyu karani wa stoo."

Meneja akainama. "Na huyu wa shati jeupe, aliyejishika kiuno?"

Mama Vipimo, kwa heshima, akajifanya anafuta vumbi kwenye skrini. Shemeji, aliyekuwa ameingiza kichwa dirishani, hakuwa na heshima ya namna hiyo.

"Si wewe huyo, bosi? Leo na wewe kokoto."

Meneja akaitazama skrini, akalitazama shati lake. Kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Waondoe wote," alisema akifuta macho. "Mimi nabaki humu humu. Rusha tena."

Safari hii Mama Vipimo aliwafukuza kwa sauti ambayo hata nyumbani haitumii. Katapila likaondoka, droni ikapaa, na jibu lilipotoka lilikaribiana kabisa na la mizani.

"Ule mti upelekwe stoo," alisema. "Na shemeji yako mfundishe kurusha, nisibaki na mtu mmoja tu anayejua."

Mama Vipimo akatoka nje, akapiga simu nyumbani. Ilipokelewa kabla haijaita vizuri.

"Ameshuka?"

"Hajapanda."

"Mmeahirisha?"

"Hapana, baba watoto. Hapandi tena. Hapandi mtu."

Alimsikia mumewe akivuta pumzi ndefu, ikakatika katikati, akajua analia, na yeye machozi yakamtoka pale pale uwanjani, mbele ya madereva. Kisha ikasikika sauti ya mfuniko ukiondolewa kwenye sufuria.

"Basi niache nile," alisema. "Bado cha moto."