Ule Aliitika Mbele ya Masika

Ninyi vijana ba Butembo na Beni, ninyi munaosoma kila kitu mu telefone na kucheka, someni hii kwanza, kicheko kitangoja. Mi sina masomo mingi. Nilifika mwaka wa tatu wa primaire kule Kalunguta, kiisha baba akanipa jembe. Mais kuandika ninajua, na uongo sikufundishwe. Mambo hii hakuna mutu aliniambia. Nilikuwa pale. Mutoto yangu Mumbere iko muzima, anauzisha simenti na misumari mu Butembo. Kama munaona bibi huyu amezeeka akili, muende mumuulize yeye. Atawajibu, mais atafunga mulango kwanza.

Mumbere alikuwa amemuahidi binti yake, Masika, kumupeleka mu parc, mu hifadhi, kuona nyama za pori. Alimuahidi wakati mutoto alikuwa angali anavaa uniforme ya shule. Kila mwaka kulikuwa sababu: mara vita, mara barabara, mara biashara. Sasa Masika alikuwa amekuwa musichana mukubwa, bakwe walikuwa wamekwisha leta mbuzi, harusi ilikuwa inakaribia. Akamuambia baba yake:
— Papa, unataka niolewe mbele sijaona hata tembo? Bwana yangu akiniuliza nitamuambia nini? Kwamba niliona ngombe ya jirani?

Akacheka, baba yake naye akacheka. Njo vile safari ilipangwa. Na miye nikawekwa ndani, juu Masika alisema haendi pasipo koko yake, mama ya baba yake. Mi nyama sikuitafutake. Nilizaliwa tunafukuza nguruwe ya pori mu mihogo, sasa nilipe ju ya kuiona? Mais mutoto akikuomba namna ile, utasema nini?

Tulishuka asubuhi kutoka Butembo kuelekea Graben, kule chini penye ziwa. Munajua jeep ya Mumbere, ile ya kubebea simenti: mbele kabini ya batu babili, nyuma benchi mbili na bâche, turubai, juu yake. Miye na Mumbere mbele. Masika nyuma, pamoja na garde wa parc mwenye bunduki, aliyepanda ku bariere ya kuingilia parc. Katikati ya kabini na nyuma kuna kadirisha kadogo, kama ka kupitisha sahani. Njo pale tulikuwa tunasemezana.

Sitawadanganya, kulikuwa vizuri. Tuliona tembo tano zinavuka barabara polepole kama bazee banatoka ku ibada. Tuliona swala mingi, na kiboko zimelala mu maji kama magunia. Masika alikuwa anapiga foto na kupiga kelele «koko, angalia! koko, angalia!» mpaka garde akamuambia:
— Dada, punguza sauti. Nyama nazo ziko na masikio.

Ku Kyavinyonge, kijiji ya bavuvi ku ziwa, tulikula samaki, Mumbere akanunua ingine kitunga nzima ya kupeleka nyumbani. Tukaanza kurudi. Garde akashuka ku poste yake, akatuambia mambo mbili: tusisimame, na kama gari inakataa, hakuna mutu kushuka isipokuwa ule anaitengeneza. Tukaitika ndiyo. Mutu wa Butembo anaitikaka ndiyo haraka sana.

Sasa sikieni. Poste ya garde ilikuwa imebakia mbali nyuma, na bariere ilikuwa bado mbali mbele, njo pneu, mupira wa gari, ilipasuka. Jua lilikuwa linainama. Majani pande zote, marefu, hakuna nyumba, hakuna rezo mu telefone. Mumbere akashuka na cric yake ya kuinulia gari. Miye nikabakia mu kabini, nikawa ninaomba kimya-kimya. Masika nyuma. Kumbe Masika alikuwa ameona swala na mutoto wake pembeni. Akashuka kidogo tu, ya kupiga foto ya mwisho. Hakutuambie. Mutoto aliyechungwa mu lupango, ndani ya uzio wa nyumba, anazani na dunia yote ni lupango.

Mumbere akamaliza kufunga pneu, akaingia mbio, mikono na mafuta, kwa sababu bariere inafungwaka. Akawasha moteur. Akaita bila kugeuka:
— Masika!
— Niko, papa.
— Umepanda?
— Nimepanda.

Ile sauti niliisikia miye mwenyewe. Ilitoka mu kadirisha, karibu na sikio yangu. Ilikuwa sauti ya musichana, nzuri, yenye heshima. Tukaenda.

Tulipotembea kidogo, nikakumbuka mutoto hakukule vizuri. Nikachukua ndizi mu kitunga yangu, nikaipitisha mu kadirisha.
— Shika, ukule.

Mukono ukaipokea. Ukanigusa vidole. Muniamini, bajukuu: ule mukono ulikuwa baridi kama chuma ya asubuhi, na ngozi yake ilikuwa imelainika na kukunjamana, kama ya mama aliyefua nguo siku nzima mu mutoni. Na harufu ya matope ya ziwa. Nikazani ni samaki. Mutu akiogopa anatafutaka samaki ya kusingizia.

— Masika, umelowana wapi? Mvua haikunyeshe.

Nikasikia tu maji inadondoka ku mbao ya jeep, ti, ti, ti.

Pale njo nikakumbuka kitu cha mama yangu. Munajua namna siye Banande tunapeana majina. Musichana wa kwanza ni Masika, muvulana wa kwanza ni Mumbere, hakuna kuchagua. Ukisimama mu soko ya Butembo na kuita Masika, nusu ya soko itageuka. Mama yangu, tulipokuwaka mu shamba za mbali, hakuitake mutoto kwa jina ile pekee. Alikuwa anaita na jina ya baba, mara zote, hata kama koo inauma. Nilipomuuliza sababu alinipiga kofi na kusema: «Unazani wafu nao hawana bazaliwa ba kwanza?»

Basi nikageuza mudomo ku kadirisha, nikauliza vile tunaulizaka mutoto aliyepotea njia:
— Weye ni Masika wa nani?

Mutoto yetu yeyote, hata mwenye meno ya maziwa, atakujibu mbele humalize: Masika wa fulani. Huyu akasema polepole:
— Masika wa huku.

Nikamushika Mumbere mukono.
— Simamisha gari.
— Mama, bariere...
— Simamisha! Ule iko nyuma si mutoto yako.
— Mama, jua imekupiga. Nimemuita, ameitika, hukusikia?
— Nilisikia. Shuka uangalie.

Akashuka ananungunika, kama vile alikuwaka ananungunika nikimutuma maji akiwa mudogo. Nikamuona mu kioo ya pembeni. Akainua bâche. Akabakia ameinua mukono, kinywa wazi. Kwa kadirisha nami nikaangalia. Kitunga ya samaki. Benchi moja kavu. Benchi ya pili imelowana, na ndizi yangu juu yake, haikumenywe. Mutu hakuna.

Na wakati Mumbere alikuwa anaangalia ile benchi tupu, sauti ikasema kutoka pale pale:
— Papa, twende. Giza inaingia.

Muliisha sikia mwanaume wa miaka makumi ine analia kama mutoto wa mugongoni? Miye nilisikia. Alirudi mu kabini, funguo zikamuanguka. Akasema: «Masika yangu iko wapi? Mama, Masika yangu iko wapi?» Na miye nilijua jibu. Masika yetu alikuwa kule nyuma, mu majani, pasipo bunduki, pasipo mwangaza, saa ile kiboko zinatokaka mu maji kula.

— Geuza gari.
— Na ile kitu iko nyuma?
— Itapanda na siye. Geuza, nakuambia!

Akageuza. Ile njia ya kurudi, ninaiota mpaka leo. Tulikimbia na jeep inaruka mu mashimo, na kadirisha kako wazi nyuma ya shingo yangu, juu kalikuwa hakana kifuniko. Na ule anasema tu, bila kupandisha sauti:
— Si huko, papa. Nyumbani ni mbele.
Kiisha tena:
— Koko, umuambie. Nyumbani ni mbele.

Mumbere alikuwa anaita jina ya Yesu na kupiga usukani. Miye nikaona kama sitasema kitu, ule ataingia mpaka mu Butembo na kulala ku kitanda ya mutoto yetu. Nikasema, bila kugeuka, na sauti ile ninatumikishaka ku batoto bakaidi:
— Sikia, weye. Hatukukuite. Tulimuita Masika binti ya Mumbere. Shuka.

Maji ikadondoka. Kiisha akajibu, na mi nilitamani afazali angenguruma kama simba kuliko kujibu vile:
— Batu yangu balikuwa banakimbia vita. Baliita Masika, nikaitika. Gari ikaenda bila miye. Leo tena mumeita. Nikaitika mbio.

Mumbere akazidisha mbio.

Tulimupata Masika yetu juu ya kichuguu, ameshika viatu mu mikono. Mwangaza wa jeep ulionyesha kiboko tatu chini yake, zinakula majani, karibu mutu angezigusa na fimbo. Hakulie. Alikuwa amekauka. Mumbere akapiga klaksoni mpaka kiboko zikasogea, kiisha miye nikafungua mulango, nikamuvuta ndani, tukakaa batatu mu kabini amenikalia magoti. Nikamupapasa uso, masikio, vidole. Alikuwa moto. Alikuwa mukavu. Njo akaanza kulia:
— Papa, niliitika! Uliita, nikaitika na nguvu yangu yote, nikakimbia. Mbona mulikwenda?

Nikafunga kadirisha na kikwembe yangu, kitenge ya kiuno, nikaikaza na mugongo. Nyuma kulikuwa kimya. Nikazani ule mwingine amebakia kule.

Ku bariere, garde mwingine akatungoja na taa. Akainua bâche, akamulika, akaishusha polepole. Akakuja ku dirisha ya Mumbere.
— Muko bane?
— Batatu, Mumbere akasema.
Garde akaangalia Masika, akaangalia miye. Hakuulize tena. Akafungua bariere na kusimama mbali kabisa mpaka tukapita.

Samaki tulizitupa. Jeep Mumbere aliiuza. Pasta aliomba mu nyumba, bamama ba kanisa balikesha na siye. Masika alikuwa anakula, anacheka kidogo, tukasema Nyamuhanga, Mungu wetu, ametusaidia, imekwisha.

Kiisha ikafika harusi. Nilikuwa nimemuambia pasta: muite na jina ya baba yake. Akaniambia ndiyo koko. Mais mutu mbele ya batu anasahau. Kanisa imejaa, korali imenyamaza, pasta akauliza:
— Masika, unakubali mwanaume huyu?
— Ninakubali.

Batu bakapiga vigelegele. Mais miye nilikuwa nimekaa mbele, macho yangu ku mudomo wa mujukuu yangu. Ule mudomo haukufunguke. Masika alinigeukia, macho makubwa, rangi ya majivu, anatikisa kichwa: si miye, koko. Nikageuka nyuma: chini ya viti ya bamama, simenti ilikuwa imelowana.

Nilisimama. Batu balisema vile balisema, kwamba koko ana wivu, kwamba koko ana wazimu. Nikaenda mbele na fimbo yangu, nikaweka mukono ku kichwa ya Masika, nikamuambia pasta: «Uliza tena. Useme Masika binti ya Mumbere.» Akaona uso wangu, akauliza tena. Masika akaitika yeye mwenyewe, na machozi, na mi nilisikia ile sauti inapita mu mifupa ya kichwa chake chini ya kiganja changu. Njo nikarudi kukaa.

Sasa iko na bwana, iko na mutoto. Mais mukimuita Masika tu, haitike mbio kama zamani. Anainamisha kichwa kwanza, anangoja, kama mutu anayemuachia mwingine zamu. Na mara ingine, ule mwingine anaichukua.

Vijana, munapokwenda mu parc kuona nyama, muende. Tembo ni nzuri, sikatae. Mais muwe na akili ju ya majina munayorusha mu majani jioni. Kule kuna batu balioitwa zamani na wangali banangoja gari.

Na mu lupango yangu, ile siku ya harusi jioni, niliita batoto, bakamwana, bajukuu, hata ule kijana wa kuchota maji, nikabasimamisha ku ukuta. Nikabaambia: tangu leo, hapa hakuna kuhesabu mutu kwa sauti. Mbele gari iondoke, mbele mulango ufungwe, mutamugusa kila mutu kichwa na mukono. Na sauti ikiwaitika mbele hamujagusa, musiijibu, mugeuke murudi kumutafuta mwenu.