Shangazi Biasha Aenda Kuposa Laptop

Zaitun wa Kibiti alikuwa mpiga video wa harusi, na Ijumaa iliyokuwa inakuja mjukuu wa Bibi Sikujua angeozwa. Bibi huyo wa Umwe miguu ilishagoma, lakini macho na ulimi vilikuwa bado kazini. Alitoa amri: ndoa ikifungwa msikitini, yeye aione akiwa kitandani, wanawake waione uani, na wapishi waione huko nyuma ya nyumba, maana wapishi wakinyimwa uhondo pilau huungua. Skrini tatu kwa mpigo. La sivyo kazi anapewa Mfaume wa Ikwiriri, mwenye kamera inayoruka na majivuno yanayoruka zaidi.

Skrini Zaitun alikuwa nazo. Laptop ndiyo iliyokuwa imekata roho. Na hakutaka laptop ilimradi laptop. Alitumia mfumo wa kompyuta uitwao Linux, tangu mfumo wake wa zamani ulipoamua kujisasisha bwana harusi akiwa katikati ya "nimekubali", na ukoo mzima ukabaki kutazama kiduara kikizunguka.

Kusikia Zaitun anakwenda kuchagua nyingine kwa Nurdini, muuza laptop za mtumba, shangazi yake Biasha akajifunga khanga ya pili. Kwake hakiingii kitu nyumbani bila kuposwa. Hata friji alilipeleleza ukoo. Wakapakia skrini kwenye bajaji, wakaenda.

Zaitun aliomba kwanza achaji simu, Nurdini akaichomeka kwenye chaja ya laptop moja nyembamba ya rangi ya fedha, kisha akaisogeza laptop yenyewe mbele ya wageni.

"Mtulivu huyu, shangazi. Hana makuu."

"Alikuwa na nani kabla?"

"Ofisi moja ya Dubai. Wameachana kwa wema."

"Tumeridhia," akasema shangazi, wateja wote wakisikia. Zaitun bado alikuwa anapekua pochi.

Akatoa flashi yenye Linux, akaiwasha laptop kupitia hiyo. Waifai ikashika. Sauti ikatoka. Akafunika, akafunua, ikaamka. Skrini ya kwanza ikawaka. Akachomeka ya pili kwenye tundu la Type-C: giza. Akabadili waya: giza lile lile.

"Tundu hili la kula tu," akasema. "Chaji linapokea, picha halitoi."

"Kama mjomba wako."

Zaitun akaiona nyingine rafuni, nyeusi, nene, haina herufi Q, imewekewa feni mgongoni. Akaishusha, akachomeka flashi. Skrini ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikawaka, na mshale ukatoka huku ukaibukia kule kama mtoto aliyegundua nyumba ina milango mitatu. Zaitun akacheka peke yake. Wateja wakavuta viti.

"Hiyo siuzi, inashikilia feni," akasema Nurdini. "Halafu, shangazi, umeridhia mbele ya watu. Au neno lako sasa linarudishwa dukani?"

Hapo pakawa pagumu. Biasha hajawahi kurudisha neno. Akatazama dari, akatazama wateja, akaitazama simu ya Zaitun.

"Nurdini mwanangu, simu ya binti yangu inanyonya wapi?"

"Kwenye chaja ya hii ya fedha."

"Imeshiba?"

"Imejaa."

"Basi wamenyonya ziwa moja. Ni ndugu hao, hawaoani. Unataka nimpeleke nyumbani kaka mtu, kesho aungwe waya na dada yake?"

Ustadhi Sufiani wa madrasa, aliyekuja kununua vocha tu, akakohoa. "Hoja ina uzito," akasema, na akatoka haraka kabla hajaulizwa kitabu gani.

Nurdini akaigonga ile nene. "Na huyu mweusi?"

"Chaja yake pini ya duara. Mtu baki kabisa. Tumeridhia."

Nurdini akaenda kutafuta tofali la kuwekea feni. Zaitun akampigia Bibi Sikujua.

"Bibi, Ijumaa unaiona ndoa, kitandani kwako."

"Nilijua. Sasa mwambie Mfaume na kidege chake aende shambani kwangu akaamie mpunga, awafukuze ndege wenzake."