Tuje Kuchangia Dawati

Tangazo lenyewe lilikuwa na maneno kumi na matatu, na hata ukinishtua usingizini nitakutajia yote: Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi wa kanisa, wote tuje kuchangia Dawati la Jinsia. Niliyaandika mimi mwenyewe, nikamsomea mzee wa kanisa wa Igowole kwenye simu mara mbili, halafu nikaegemea kiti na kujisifu.

Nieleze kwanza majivuno hayo yalikotoka. Sekondari nilisoma ukubwani, darasa la jioni pale Iyunga, nikishafunga genge langu la nyanya. Nilikuwa na umri mkubwa kuliko mwalimu wa hesabu, na mwili mkubwa kuliko dawati. Nikikaa, linalia kama mbuzi. Hesabu zilinichapa, fizikia ilinifukuza hadi barabarani, lakini Kiswahili! Kwenye ufupisho nilikuwa hatari. Mwalimu akileta habari ya ukurasa mzima, mimi naibana mpaka inaingia kwenye kiganja. "Kata, kata, baki na kiini," ndivyo alivyotufundisha. Cheti kilipotoka nilikitoa kopi nyingi kiasi kwamba mashine ya steshenari nusura iombe likizo. Kopi mojawapo ndiyo iliyonipatia kazi kwenye shirika letu dogo la Uyole, hapa Mbeya, vyumba viwili nyuma ya duka la mbolea, mahali ambapo lori likipita barabara kuu vikombe vyote vinacheza ngoma.

Kazi yetu ni kumsindikiza mtu aliyepigwa au kubakwa: polisi kuchukua PF3, ile fomu ya kutibiwa, kisha hospitali, kisha mahakamani, kisha kurudi naye. Niliingia kama karani, nikapewa mafunzo, nikawa msaidizi wa kisheria. Jina ni kubwa, ila sehemu kubwa ya kazi ni kukaa na mtu kwenye benchi ili asikae peke yake. Kuna benchi la hospitali moja ambalo naamini limeshachukua umbo langu.

Basi siku moja akaja mwanamke kutoka Igowole, kule Mufindi, mkono wa kushoto uko kwenye plasta mpaka juu ya kiwiko. Alikuwa amekimbilia kwa dada yake hapa Uyole. Aliyeuvunja mkono ni mume wake, saa kumi jioni, jua bado linawaka na majirani wapo. Kesi ilikuwa imeshafunguliwa kwenye mahakama ya mwanzo ya huko kwao, na mume yuko nje kwa dhamana, anakaa kwenye nyumba ileile.

Mratibu wetu, mama mpole anayesikiliza hata kwa nyusi, akamuuliza, "Mama, ungependa tukusaidie nini?"

"Nataka kurudi kwangu," akasema. "Kiwanja kanipa baba. Chai nimepanda mimi, na chai usipoichuma inakuwa msitu. Aliyepiga ni yeye, mbona anayehama ni mimi?"

Nilishika kalamu nitafute pa kukata. Hapakuwepo. Alikuwa ameshabaki na kiini.

Tatizo lilikuwa shahidi. Mume alimwambia hakimu kwamba mke aliteleza shambani kwenye tope. Majirani walipoulizwa, wote waliimba sauti moja kama kwaya ya usharika: "Hatukuona." Hakimu akaahirisha kesi, akamwambia mama aje na shahidi wake. Tulikuwa na wiki mbili. Asipopatikana, mume angeweza kuachiwa, na huyu mama angeendelea kulala kwenye kochi la dada yake akiwaza majani yake ya chai.

Hatuwezi kwenda mlango kwa mlango kumlazimisha mtu. Mratibu akasema tufanye mkutano hukohuko Igowole. Jina la mama halitatajwa, kesi yake haitaguswa. Tutaeleza tu Dawati la Jinsia: kwamba pale polisi kuna afande maalumu, kwenye chumba chake, wa kusikiliza mambo ya namna hii, na huchanganywi na foleni ya walioibiwa kuku. "Andika," akaniambia, "watu wote waje kuchangia mawazo kuhusu Dawati la Jinsia."

Nikaitazama ile sentensi kwa jicho la mhitimu. Mawazo kuhusu? Nani ataacha shamba aje kusikiliza mawazo? Nikakata.

Jumamosi tukafika Igowole. Baridi ya Juni ya kule haisimuliki. Ukisema "kamwene", salamu yao, inaganda mdomoni, inabidi uishike kwanza kwenye kikombe cha chai ndipo mwenzako aisikie. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya ukumbi wa kanisa kama umelipiwa pango. Mikutano yetu tunaijua: wanawake ishirini na mzee wa kanisa, basi, wanaume husema hayo ni mambo ya akina mama. Siku hiyo ukungu ulipofunguka kidogo, tukaona uwanja umejaa wanaume. Walikuwa mia tisa. Haya, tuseme arobaini. Na kila mmoja alikuwa na mbao begani, maana kule misonobari ni mingi kuliko nywele. Wengine walikuwa na nyundo na misumeno.

"Kamwene, wageni!" Mzee wa kanisa alitujia mikono wazi. "Tangazo limepokelewa! Mbao hizo, mafundi hao. Haya, mnataka madawati mangapi?"

"Madawati?" mratibu akauliza.

"Si mmesema tuje kuchangia dawati? Nimelisoma kanisani neno kwa neno, sikuongeza hata nukta."

Mwanaume mmoja mrefu akasogea na msumeno wake. "Ila mtuamue, mama. Hapa tumegombana tangu saa mbili. Dawati la jinsia ndiyo lipi? Mimi nasema ni la wasichana peke yao."

"Acha uongo wewe," mwenzake akadakia. "Ni refu. Huku wavulana, huku wasichana, katikati unapiga ubao. Ndiyo jinsia hiyo. Wasichunguliane kwenye mtihani!"

Mratibu akanigeukia polepole. "Uliwaandikia nini hawa?"

"Ufupisho," nikasema.

Afande wa Dawati, tuliyekuwa tumemwalika aje kuzungumza, alikuwa ameugeukia ukuta wa kanisa, mabega yanatikisika. Mimi nilitamani ardhi ya Mufindi yote ifunguke, na kwa mwili wangu ingebidi ifunguke vizuri. Niliona wiki zetu mbili zinayeyuka pale pale. Ukiwaambia watu waliobeba mbao kutoka milimani kwamba wamekosea, watazibeba tena warudi nazo, na wewe hutawaona mpaka Yesu arudi.

Afande akafuta macho, akavaa kofia sawasawa. "Jamani wazee wangu," akasema, "Dawati la Jinsia ni mimi."

Yule mrefu akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Wewe, afande?"

"Mimi. Na kusema kweli, meza yangu inachechemea na benchi sina. Mama akija na shida yake, yeye anakaa, mimi nasimama. Kwa hiyo hamjapotea sana."

Kicheko kilichopigwa pale, nadhani Iringa mjini walidhani ni radi. Mzee wa kanisa akavua koti. "Basi tujenge. Na ninyi semeni huku tunagonga."

Tukasema huku wanagonga. Mimi sauti yangu ni ya genge, imeshashindana na malori, nyundo hazikunitisha. Afande akaeleza anayopokea na anavyotunza siri. Na jambo nililoliona siku ile sijalisahau: mwanaume ukimkalisha kwenye kiti umweleze habari za kupiga mke, anaangalia mlango. Mpe msumari wa kugonga, anasikiliza. Ana mahali pa kuweka macho. Wakaanza hata kuuliza.

Kati yao alikuwepo seremala mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu. Wengine walileta mbao nne, tano. Yeye ameleta ubao mmoja, tena mwembamba hivi kwamba ukiuinua kwenye mwanga unakaribia kumwona mtu wa upande wa pili.

"Fundi, huo ni ubao au bahasha?" wakamtania.

"Mwandikie barua mjomba wako, bwana!" akadakia mwingine. "Stempu utaipata Mafinga!"

Akatabasamu kidogo tu, akauegemeza ukutani. Hakuna aliyeutumia, na yeye hakuuondoa.

Chai ilipotoka, akanifuata nilipokuwa nakusanya misumari.

"Dada wa Mbeya. Kwenye hilo dawati mtu anasema alichoona tu?"

"Alichoona, fundi. Au alichosikia."

"Kusikia tu?"

"Masikio nayo si yako? Unasema ulichosikia, basi. Usiongeze, usipunguze." Mimi huyu, wa kumwambia mtu asiongeze!

Akaenda kuuchukua ule ubao, akaushika mbele yangu kama sinia. "Huu ulikuwa inchi mbili."

Nilijiandaa kucheka, nikidhani ni utani wao unaendelea. Namshukuru Mungu kicheko kilichelewa.

"Kiwanda changu na ukuta wao vimeshikana," akasema. "Siku ile nilikuwa natengeneza fremu ya mlango. Nikasikia. Halafu mama wa humo akaanza kuniita. Fundi! Fundi! Nikapiga randa. Akiita, napiga kwa nguvu zaidi, nisisikie. Nilipoacha, kumenyamaza, na ubao ndio huu. Kwa hiyo nilivyosema sikuona, sikudanganya. Sikuona."

Hakutaja jina la mtu, nami sikumuuliza. Nilimsogezea kikombe changu cha chai, nikaenda kumwita afande. Wakakaa pembeni, kwenye benchi jipya ambalo bado lilikuwa linanukia utomvu, na maranda ya mbao chini ya miguu yao. Waliyoongea hayakunihusu.

Sasa, kumwambia afande ni jambo moja. Kusimama mbele ya hakimu, jirani yako anakutazama, kesho mnakutana kisimani, ni jambo lingine. Siku ya kesi tulifika mahakamani mapema, mama yule na mimi, tukakaa kwenye benchi. Mume naye akaja na shati lililonyooshwa mpaka linakata, anasalimia watu kama bwana harusi. Saa tatu ikapita. Seremala hayupo. Karani wa mahakama akatoka, akaita kesi ya kwanza. Ya kwetu ilikuwa ya tatu.

"Atakuja?" mama akaniuliza.

"Atakuja."

Akanitazama, plasta yake imelala kwenye mapaja. "Wewe dada unatia chumvi sana, nakujua. Na hii umetia?"

Nikafikiri. "Hii sijui," nikamwambia. "Kweli sijui."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo ndilo alilolihitaji, akanishika mkono. Ikaitwa kesi ya pili. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia njiani tukirudi Uyole, na yote niliyokuwa nayo yalikuwa marefu mno. Ndipo akatokea kwenye kona ya jengo, kofia ya sufu kichwani na kitu kimefungwa kwenye kiroba kwapani.

Ndani, hakimu alimtazama juu ya miwani. "Shahidi, hicho ni nini?"

"Ubao, mheshimiwa."

"Wa nini? Hapa hatutengenezi samani."

"Ndivyo nilivyosikia, mheshimiwa," akasema seremala, na akaeleza yote, tangu inchi mbili mpaka bahasha.

Mume akapewa nafasi ya kumuuliza. Akasimama na shati lake. "Wewe uliniona nampiga?"

"Sikukuona. Nilikusikia. Na yeye nilimsikia ananiita, sikwenda." Akamgeukia hakimu. "Hilo nalo uliandike, mheshimiwa."

Hakimu akaliandika. Hukumu ilipotoka, kwa maneno ya mama mwenyewe, ya daktari kwenye PF3 na ya seremala, mume alipatikana na hatia, akaenda jela. Mama hakusubiri hata gari la jioni. Alibeba mfuko wake akatembea kwenda kwake, na kesho yake, kwa mkono mmoja, alikuwa ameshaingia kwenye chai.

Ameniruhusu kusimulia haya kwa masharti mawili: nisitaje jina la mtu yeyote, na nisiseme kwamba shamba lake lilikuwa limeshakuwa msitu, maana halikuwa. Afande naye anaringa na samani zake. Yule mrefu na mwenzake hawakukubaliana mpaka mwisho, kwa hiyo dawati moja lina ubao katikati. Afande anaweka mafaili upande mmoja na leso za kufutia machozi upande mwingine, na anasema hajawahi kupata meza ya maana kama hiyo.

Nilimtembelea mama miezi kadhaa baadaye. Plasta ilishatoka. Tulikaa uani tunakunywa chai yake, nami nikimpa habari za Uyole, na upande wa pili wa ukuta randa inakwenda shaa, shaa, bila kupumzika. Katikati ya maneno yangu akaweka kikombe chini, akapaza sauti.

"Fundi! Unasikia?"

Randa ikakatika.

"Nasikia, mama! Nije?"

"Hapana, sina shida! Endelea!"

Randa ikaanza tena. Mama akachukua kikombe chake. "Najaribu tu," akasema. "Siku moja moja."

Kati ya yeye kuita na randa kunyamaza, hata jicho nilikuwa sijapepesa. Na hapo sijaongeza.