Ulitupeleka Ahero

Mama yangu alipoanza kusahau, alianza na viatu. Alivificha ndani ya debe la mahindi, kisha akatuita sote, watoto na wajukuu, tumsaidie kumtafuta mwizi. Tulicheka. Baadaye akawa ananiuliza kila asubuhi mimi ni mtoto wa nani, na hapo kicheko kikatuishia. Alikuwa na miaka sitini na mmoja ugonjwa ulipoanza. Mimi mwaka huu nina hamsini na tisa, na nasema wazi kwamba ninaogopa. Ninaogopa nikiamka, ninaogopa nikitafuta funguo, ninaogopa mtu akinisalimia sokoni Kibuye na jina lake likakataa kuja.

Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Migosi hapa Kisumu, katika nyumba ya kupanga, na nguvu zilizobaki nimezipa densi niliyoianza nikiwa bado nafundisha. Wenzangu wa kanisani walishangaa. Walitarajia nijiunge na kwaya au nifuge kuku kama wanawake wengine wenye adabu wa umri wangu. Mimi nikanunua buti za mtumba na kofia pana.

Sisi tunaiita laini. Watu husimama kwa mistari, hakuna wa kushikana naye mkono, na kila mmoja anapiga hatua zile zile kwa wakati ule ule: kulia, nyuma, kulia, gusa. Nyimbo ni za kantri, zile za gitaa za Kimarekani ambazo baba zetu walizipenda redioni. Hatua zikiisha, mstari mzima unageuka robo na kuanza upya ukitazama ukuta mwingine. Ukimaliza kuta nne umerudi ulikoanzia. Ajuza anaweza kuicheza, mjane anaweza kuicheza, mtu asiye na mtu anaweza kuicheza. Nafikiri ndiyo sababu imetushika hivi.

Tuko kumi na wawili. Kila Jumamosi saa nane mchana tunakutana katika ukumbi wa kukodi, na sijui kitu ambacho kimewahi kutuzuia, labda mazishi tu. Rafiki yangu wa karibu ni fundi cherehani. Ndiye aliyetushonea mashati yenye pindo za kuning'inia, na mwaka mmoja alikataa kazi ya harusi kubwa kwa sababu sherehe ilikuwa Jumamosi. Anasimama kulia kwangu tangu tuanze, miaka kumi na moja sasa. Mwenye muziki ni Mzee mmoja, askari mstaafu, ambaye huileta spika yake kwa pikipiki akiwa ameifunga blanketi kama mgonjwa. Mwenzetu mmoja alipofariki tulikwenda kwao Seme, tukapiga mstari pale uani mbele ya jeneza. Wazee wa boma walitutazama kwa mashaka mwanzoni. Wimbo ulipoisha wakauliza kama tunao mwingine.

Mimi ndiye ninayeita. Nikiwa mstari wa mbele napaza sauti kutaja ukuta kabla hatujageuka, ili mguu wa kila mtu ujue unakokwenda. Kuta zetu zina majina. Ukuta wa madirisha ni Ziwa, kwa kuwa maji yako upande huo. Ukigeukia kulia unapata Kisian, kisha Kakamega, kisha Ahero, na unarudi Ziwa. Mtu akiwa mgeni nampa majina hayo siku ya kwanza, na hayasahau, maana ni barabara za kutoka mjini anazozijua.

Kuna sheria moja, na niliitunga mimi mwenyewe. Miaka ile ya mwanzo tulialikwa harusini, mmoja akageukia huku na wengine kule, umati ukaangua kicheko, na wawili wetu hawakurudi tena kwenye kikundi. Nikasema: kuanzia leo laini haivunjiki. Mwitaji akikosea, sote tunakosea naye. Akisema Ahero wakati ni Kisian, tunakwenda Ahero tukitabasamu, na watazamaji watadhani ndivyo densi ilivyo. Makosa tutayasema kwenye chai.

Na tuliyasema. Baada ya mazoezi hufuata chai ya maziwa na mandazi, na aliyekosea hachelewi kuelezwa. "Leo ulitupeleka Ahero," wataanza, hata kama kosa lilikuwa la kutupa teke kwa mguu usiofaa. Anachekwa, anaagizwa mandazi ya kuwaomba watu radhi, mambo yanaisha. Mimi nilipelekwa Ahero na kuwapeleka watu Ahero mara nyingi katika miaka hiyo, na niliwatania wengine bila huruma.

Mvua za masika zilipoanza mwaka huu, mambo madogo yakaanza kunitoroka. Nilimimina chai kwenye kopo la sukari. Nilisimama dukani nikijua nimekuja kununua kitu, muuza duka akinisubiri kwa heshima, hadi nikanunua kiberiti ambacho sikukihitaji. Siku moja nilishindwa kukumbuka darasa langu la mwisho lilikuwa la ngapi. Nilikaa kitandani nikihesabu madarasa kwa vidole. Kwenda hospitali sikutaka. Nilijua wangeniuliza maswali yale yale waliyomuuliza mama: leo ni siku gani, huu ni mji gani. Nilimwona akiyajibu kwa ujasiri na kuyakosa yote.

Kwa hiyo nikajitafutia kipimo changu. Nilijiambia: densi zetu ni ishirini na tatu, kila moja ina hatua zake, na mimi naziita zote bila karatasi. Kichwa kinachooza hakiwezi kazi hiyo. Jumamosi nilicheza, nikaenda kwenye chai nikingoja mtu aseme nimewapeleka Ahero. Hawakusema. Wiki iliyofuata nilingoja tena, nikishika kikombe kwa mikono miwili. Walizungumzia bei ya samaki. Nilirudi Migosi nikitembea kwa miguu, nikicheka peke yangu njiani kama mtu aliyeachiliwa na mahakama.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi hiyo. Jumapili hadi Ijumaa hofu ilinila, Jumamosi jioni nikapata nafuu. Nilianza kuwa mkali kwa wengine, sijui kwa nini. Fundi aliwahi kukosea robo moja nikamsema mbele ya watu hadi akainamisha kichwa. Yeye ambaye hana deni la maneno na mtu yeyote Kisumu nzima, alinyamaza tu, na mimi nikaona nimeshinda.

Kisha Maseno ikaja. Huko juu kuna kikundi kingine, wengi wao wafanyakazi wa chuo na wafanyabiashara wa pale, na tulikuwa tumekubaliana waje tucheze pamoja mchana mmoja. Walifika kama thelathini wakiwa na kofia nzuri kuliko zetu. Tuliwapa upande wa Ahero, sisi tukasimama upande wa Kisian, sote tukitazama Ziwa. Wao hawana mwitaji na hawajui majina ya kuta zetu. Wanacheza kwa kusikiliza miguu yao wenyewe.

Densi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili pia. Katika ya tatu, densi ambayo nimeifundisha mimi, hatua zikaisha na nikaita kwa sauti yangu ya darasani: "Ahero!" Nikageuka. Na mbele yangu, karibu kiasi cha kugusana pua, alikuwa mwanamume wa Maseno akinitazama kwa mshangao. Nyuma yake wenzake wote walikuwa wanatazama Kisian, ambako ndiko densi inakokwenda. Sisi kumi na wawili tulikuwa tumewageukia tukitabasamu. Tulisimama hivyo, makundi mawili yakitazamana kama watu wanaotaka kupigana, na wimbo ukiendelea.

Wageni walicheka, na hawakuwa na ubaya. Nilicheka pia. Lakini niliangalia nyuso za wenzangu na sikuona mshangao. Mtu akikosea bila kutarajia hushtuka, hata kidogo. Wao hawakushtuka. Walikuwa na sura ya watu waliozoea.

Wageni walipoondoka tukaketi kwenye chai. Mandazi yalipitishwa. Hakuna aliyesema neno la Ahero.

"Haya, niambieni," nikasema. "Leo niliwapeleka wapi?"

Mzee alishughulika na waya za spika. "Mwalimu, hiyo ni maneno ya watu wa Maseno. Hao ndio walichanganya stepu."

"Mzee, usinifanye mtoto."

Akaziacha waya. Nikamgeukia fundi. Alikuwa anaukunja ukingo wa lesu yake, anaukunjua, anaukunja tena.

"Osiepa," akasema, yaani rafiki yangu kwa Kijaluo, neno ambalo huwa halitumii hivi hivi. "Utanisamehe. Sisi tumekuwa tukigeuka tu na wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ianze."

"Mara ngapi?"

"Mimi sikuwa nahesabu."

"Kila Jumamosi?"

Mzee ndiye aliyejibu, akiangalia sakafu. "Kila Jumamosi, Mama. Lakini si mara nyingi kwa siku moja. Mara mbili. Hiyo ingine, mara tatu."

Niliuliza kwa nini hawakuniambia, na fundi akaanza kulia. Walikuwa wamekutana kibandani kwake, wote isipokuwa mimi, wakakubaliana mtu asiseme. "Ulikuwa unakunywa chai ukifurahi sana," akasema. "Wewe ulikuwa unatuangalia hivi, unangoja, alafu ukiona tumenyamaza uso wako unafunguka. Sasa nani angekufungia huo uso? Mimi siwezi. Hata siku ile ulinitusi, mimi ndiye nilikuwa sawa. Nilisahau kukufuata, nikaenda Kakamega vizuri kabisa. Wewe ndiwe ulienda pengine."

Ningependa kusema niliguswa na upendo wao. Nilikasirika. Niliona wamenifanyia jambo baya kuliko kicheko chochote: walikuwa wamekishika kipimo changu na kukipinda, na mimi nikaishi miezi mitatu nikisoma namba za uongo. Kisha hasira ikaisha, na chini yake kulikuwa na hofu tupu. Sheria ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyewafundisha kukosea nami bila kuonyesha.

"Naifuta," nikasema. "Kuanzia wiki ijayo, nikikosea mniache. Mwende mnakopaswa kwenda. Msinifuate hata mmoja."

Walipiga kelele. Mmoja alisema laini itavunjika. Mwingine akasema nipumzike, wataita kwa zamu. Nikawaambia nitaita mimi, na kama wananipenda wasinifuate. "Nataka kujua," nikasema. "Mama yangu hakuna aliyemwambia." Mzee akakubali kwanza, kwa sauti ya askari anayepokea amri asiyoipenda. Wengine wakafuata. Fundi alikuwa wa mwisho. Nilimshika mkono hadi akaapa.

"Kik iluor," akaniambia, yaani usiogope.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilifanya mazoezi sebuleni, nikibandika karatasi kwenye kuta nne, nikigeuka, nikisoma, nikigeuka. Sikukosea. Kufikia Ijumaa nilianza kuamini kwamba ilikuwa uchovu tu, au mvua, au umri wa kawaida ambao humpata kila mtu. Jumamosi nilivaa shati safi na kutangulia ukumbini.

Tuliyoanza nayo ilikuwa densi rahisi, ya watu wapya. Tulianza Ziwa. Nikaita Kisian, tukaenda Kisian sote, buti kumi na mbili za kulia zikigonga sakafu kwa pamoja, na nilisikia raha hadi kwenye meno. Kulia, nyuma, kulia, gusa. Kushoto, nyuma, kushoto, gusa. Nilijua ukuta unaofuata. Nataka hili lieleweke: sikukisia, sikusitasita. Nilijua kama ninavyojua mkono wangu wa kulia ni upi. Hakukuwa na giza kichwani wala ukungu, kulikuwa na uhakika mweupe kabisa, uleule nilioufundishia hesabu miaka thelathini na minne.

"Ziwa!" nikaita, nikageuka.

Mbele yangu kulikuwa na madirisha na hakuna mtu. Nikasikia viatu vyao vyote nyuma yangu vikienda Kakamega. Kitu cha kwanza nilichowaza, na namwomba Mungu anisamehe, ni kwamba wao ndio wamekosea, wote kumi na mmoja. Nikageuza kichwa kuwakaripia. Fundi alikuwa mahali pake pembeni yangu, amenipa mgongo, mabega yake yakiruka kwa kilio. Alikuwa anapiga hatua zote bila kukosa, na hakugeuka.